Kutoka Malumbano Hadi Ngonjera

Neno ngonjera lina bahati mbaya. Lilianza kuwa jina la heshima la aina moja ya ushairi, na leo mtu akichoshwa na maneno ya kumzungusha husema: "Usiniletee ngonjera." Wasemaji wa lugha hawakukaa kikao kuamua hivyo. Walisikia kitu katika utungo ule, wakakipa maana yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sikio la watu halikukosea, na kwamba kilichosikika katika ngonjera ndicho kinachosikika katika mijadala yetu ya siasa na katika kurasa nyingi za magazeti yetu.

Tuanze na kilichotangulia. Mwambao huu ulijua siasa ya kushindana kwa maneno kabla haujajua gazeti wala sanduku la kura. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban baina ya 1776 na 1840, alikuwa mshairi wa zama ambazo Mazrui wa Mombasa walikuwa wakivutana na Sayyid Said wa Oman, na Lamu ikiwa upande wa Sayyid. Muyaka hakuwa mtazamaji wa mvutano ule. Alikuwa mtu wa Mazrui, na tungo zake aliwaelekezea washairi wa Lamu, nao, akina Zahidi Mgumi, wakampelekea zao.

Malumbano ya namna ile yalikuwa makali, na si kila neno lililotumika lingefaa kusomwa mbele ya wazee. Lakini yalikuwa na masharti matatu ambayo msomaji wa leo angefaa ayazingatie. La kwanza, anayejibu aghlabu hufuata bahari na vina vya aliyeanza. Hili si pambo. Mtu hawezi kujibu kwa vina vya mwenzake bila ya kuusikiliza utungo wa mwenzake mpaka mwisho, na kuuelewa. La pili, mshairi alijulikana. Hata alipofumba, kilichofichwa kilikuwa ni maana wala si mtungaji, na fumbo ni heshima kwa akili ya msikilizaji. La tatu, na ndilo kubwa, hakuna aliyejua mwisho wake. Mwamuzi alikuwa hadhira, na hadhira ilikuwa huru kumwona mshairi wa mji wake amezidiwa.

Mila hii haikufa na Muyaka. Katika kampeni za uchaguzi za Lamu za 1974 na 1975, wagombea wawili wa kiti cha Bunge la Kenya walikuwa kila mmoja na malenga wake, na tungo zilizopata jina la Kimondo zilienea kwa kanda za kaseti, nyumba kwa nyumba. Mtu wa upande mmoja hakuweza kuikwepa hoja ya upande wa pili, kwa sababu jibu lenyewe lilibidi limrudishe kwenye swali. Na jibu likiwa dhaifu, barazani lilisemwa kuwa dhaifu.

Sasa tuiangalie ngonjera. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, alikuwa fundi wa ushairi asiye na shaka, na ngonjera zake, zilizochapishwa kwa jina la UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, zilitumikia kazi aliyoiamini: kuwaeleza wananchi siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Umbo lake ni la mazungumzo. Mmoja hajui, mwingine anajua. Asiyejua huuliza, hupinga kidogo, kisha huelimika, na wawili hao humaliza kwa kauli moja. Kwa mtoto wa shule aliyesimama jukwaani mbele ya wazazi wake, lilikuwa umbo zuri la kufundishia.

Lakini tulitazame umbo hilo kama wahakiki. Mpinzani katika ngonjera hakuletwa ili asikilizwe; ameletwa ili ashindwe. Maswali yake yametungwa na yule yule aliyetunga majibu, na kwa hivyo hawezi kuuliza swali ambalo mtungaji hana jibu lake. Mwisho unajulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Malumbano ni watu wawili. Ngonjera ni mtu mmoja mwenye sauti mbili. Ndipo watu walipolichukua jina lake na kulipa maneno yasiyokwenda popote.

Nenda sasa kwenye mahojiano ya magazeti mengi ya leo. Mwandishi anauliza: "Mheshimiwa, wananchi wangependa kujua mafanikio yaliyopatikana katika wizara yako." Mheshimiwa anajibu kwa safu tatu. Mwandishi anauliza tena, kwa upole zaidi. Hii ni ngonjera iliyovuliwa vina, wala haina hata ladha ya mizani. Nyuma yake mara nyingi ipo bahasha, ile posho ya "nauli" anayopewa mwandishi mwishoni mwa mkutano, ambayo imezoeleka hata asiyeitoa huonekana bakhili. Bahasha hailazimiki kununua uwongo. Inatosha inunue swali lisiloulizwa.

Tusiwalaumu waandishi peke yao, kwani wapo waliouliza na wakaona kilichofuata. Hapa Zanzibar gazeti la Dira, lililohaririwa na marehemu Ali Nabwa, lilifungwa na Serikali Novemba 2003, halijatimiza miaka mingi ya uhai. Upande wa Bara, MwanaHalisi lilifungiwa zaidi ya mara moja; Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ikaleta leseni ya kila mwaka; na ingawa magazeti manne yalirejeshewa leseni Februari 2022, mhariri aliyewahi kufungiwa hujifunza kujifunga mwenyewe. Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Hata Bunge, mahali palipojengwa kwa ajili ya kulumbana, lilikatiwa matangazo ya moja kwa moja ya televisheni ya taifa Januari 2016. Na katika uchaguzi wa Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani upande wa Bara hakikuwamo katika karatasi za kura, na intaneti ilizimwa siku ya kura yenyewe. Hapo hatuna tena hata ngonjera, maana ngonjera angalau humpa mpinzani beti zake. Tunabaki na utenzi wa sifa.

Ushairi wetu wenyewe unao mfano wa jibu la namna hii. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alitoa waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Jina lake ni swali. Serikali ya Kenya ingeweza kuandika waraka wa kujibu, nayo haikukosa waandishi. Ikamjibu kwa kifungo cha miaka mitatu, kilichomalizika 1972. Diwani aliyoitunga gerezani, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Ufundi ulituzwa, swali halikujibiwa. Namna hiyo ya kusifu vina na kuizika hoja ni ugonjwa ambao sisi wapenzi wa ushairi tunaujua vyema, kwa sababu tumeushiriki.

Ipo hoja nzito ya upande wa pili, na makala yanayodai malumbano hayawezi kuikwepa. Watasema wenye mamlaka: mliachiwa maneno Zama za Siasa, mkafanya nini? Ni kweli. Mwongozi lililoelekea upande wa ZNP na Afrika Kwetu lililoelekea upande wa ASP hayakuwa magazeti ya watu wapole. Sera iligeuzwa kuwa nasaba; likaulizwa nani mwenyeji na nani mgeni, badala ya nani ana mpango gani. Machafuko ya Juni 1961 yaliua watu 68. Mwenye kuisifu jana bila ya kuitaja Juni ile hasemi kweli.

Lakini tutazame kilichoharibika. Masharti ya malumbano yalivunjwa yote. Ukimwambia mtu kwamba si wa hapa, hukuijibu hoja yake; umemwondolea haki ya kuwa na hoja. Hakuna kina cha kufuata wala ubeti wa kurudisha, kwa sababu mtu hawezi kujibu asili yake. Basi funzo la 1961 ni kwamba maneno huua pale mpinzani anapofutwa. Anayefuta kwa matusi na anayefuta kwa amri ya kufungia gazeti wanatofautiana kwa chombo, lakini wote wawili wamekataa kusikia jibu. Amani inayopatikana kwa kumnyamazisha mmoja haijamaliza ugomvi. Imeuficha tu mahali ambapo hakuna hakimu wa kuuona.

Tiba yake si ngeni kwetu. Gazeti linalomtuhumu mtu limpe ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile. Mwenye kupinga sera aieleze kwanza kama mwenyewe mwenye sera angeieleza, kisha aivunje. Mshairi anayeandikia chama atie jina lake, na akubali kusomwa pamoja na anayemjibu. Na msomaji, ambaye ndiye mwamuzi wa zamani, akatae kupiga makofi kwa ubeti mzuri uliokwepa swali, hata kama mtungaji ni wa mji wake.