Jiko Lenye Kiuno

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiambiwa ahakiki, hufungua diwani au riwaya. Hutafuta fani, hutafuta maudhui, kisha akauliza mwandishi amemwandikia nani na kwa lengo gani. Desturi hiyo ni njema. Lakini utamaduni wa taifa haukai vitabuni peke yake. Upo jikoni pia, na huko jikoni mna vyombo ambavyo watu wameviwazia, wakavijaribu, wakavikosoa na kuvitengeneza upya, kama malenga anavyoufuta ubeti ambao mizani yake haikukaa sawa. Vyombo hivyo tumeliachia somo la sayansi kimu, na huko hufundishwa namna ya kuvisafisha kuliko namna vilivyopata umbo lake.

Katika makala haya nakusudia kuhakiki chombo kimoja: jiko la mkaa lenye bakuli la udongo ndani yake, lililotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Msomaji analijua. Ni la bati, limebanwa katikati kama mtu aliyejifunga kibwebwe, juu pana na chini pana. Sehemu ya juu ina bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu ya kupitisha majivu na hewa. Sehemu ya chini ni bati tupu, yenye mlango mdogo. Kwetu Tanzania jiko la namna hii tumezoea kuliita jiko bora. Ethiopia lilipata ndugu yake aitwaye Lakech, na Senegal akapatikana Sakkanal. Yapo majiko machache yaliyosafiri kiasi hicho, na swali la mhakiki ni hili: ni nini kilicholifanya lipokewe, wakati majiko mengine mengi yaliyobuniwa na watu wenye elimu kubwa zaidi yaliachwa yakashika kutu?

Kabla yake lilikuwapo jiko la bati tupu, ambalo asili yake huhusishwa na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896. Jiko hilo lilifuliwa kwa mabati ya mapipa na madebe makuukuu, na mjini Nairobi wafuaji wake mashuhuri walikuwa mafundi wa Shauri Moyo. Sifa zake zilikuwa nyingi: rahisi, jepesi, na fundi yeyote mwenye nyundo na patasi aliweza kulitengeneza. Kosa lake lilikuwa moja, nalo lilikuwa zito. Joto lilipita katika bati likaishia hewani na katika miguu ya mpishi. Vipimo vilionyesha kwamba jiko la bati tupu lilipeleka chunguni asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la mkaa. Mkaa uliobaki ulinunuliwa kwa fedha ya mwananchi, na miti ya mwananchi, ili kupasha hewa moto.

Mwezi Agosti mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi kuhusu nishati mpya na nishati jadidifu. Katika miaka hiyo Serikali ya Kenya, kwa msaada wa fedha za Marekani, ilikuwa na mradi wa nishati ambao ulishughulikia pia majiko. Wakenya walikwenda Thailand wakaona jiko la huko, ambalo ni ndoo ya bati iliyojazwa udongo wa kuchomwa toka juu hadi chini, juu pana na chini nyembamba kama ndoo zote zilivyo. Miongoni mwa waliolishughulikia wazo hilo hadi likapata sura ya Kiafrika Mashariki ni Maxwell Kinyanjui, ambaye jina lake hutajwa mara nyingi pamoja na jiko hili.

Hapa ndipo hadithi inapokuwa na manufaa kwa mhakiki. Ndoo ile ya Thailand haikuwa na kosa kwao. Mpishi wa Thailand hupika wali. Hubandika sufuria, hufunika, hungoja. Sufuria yake imetulia, na jiko lenye kitako chembamba lamtosha. Mpishi wa Nairobi husonga ugali. Hushika sufuria kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili, akainama, akaukandamiza unga kwa nguvu zote za bega, akaugeuza na kuukandamiza tena. Jiko lenye kitako cha ndoo hutikisika chini ya mikono hiyo, na likitikisika lina maji ya moto juu yake na watoto kando yake. Mkaguzi aliyepima joto peke yake hawezi kuliona jambo hili, kwa sababu kipimajoto hakisongi ugali.

Basi kitako kikapanuliwa. Na kwa kuwa moto hukaa juu, karibu na sufuria, udongo ukaondolewa chini ukabakizwa nusu ya juu tu. Jiko likawa jepesi na udongo mchache ukatosha. Bakuli likashikizwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisitoroke. Ndivyo kiuno kilivyopatikana. Wako wanaolisifu jiko hili kwa urembo wa umbo lake, nami ni mmoja wao, lakini umbo hilo halikutoka katika kichwa cha msanii aliyetaka kupendeza. Lilitoka begani mwa mpishi. Na jiko jipya likapeleka chunguni asilimia 25 hadi 40 ya joto la mkaa.

Wasanifu wa vyombo huita kazi hii kutengeneza kielelezo cha majaribio: unatengeneza kimoja, unampa mtumiaji, unarudi kuona, unakivunja, unatengeneza kingine. Ni kazi ya subira, na waajiri wengi hawaipendi kwa kuwa katika taarifa ya robo mwaka haionekani kuwa ni kazi. Mafundi wa zamani waliifanya bila kuipa jina. Mwanamke aliyemrudishia mfinyanzi chungu kilichopasuka alikuwa akifanya utafiti, na mfinyanzi aliyekaza udongo wake safari iliyofuata alikuwa amesoma matokeo yake.

Ipo hata hivyo shida moja ambayo vitabu vya wageni kuhusu usanifu haviitaji vya kutosha, nayo inatoka katika adabu zetu. Mtumiaji akiulizwa, hajibu. Yaani hujibu, lakini kama mwenyeji anavyomjibu mgeni. Afisa anafika nyumbani na jiko lake jipya, amevaa viatu, ana karatasi mkononi. Anakaribishwa kiti, anapewa chai. Kisha anauliza, "Mama, jiko umelionaje?" Mama mwenye heshima zake atasema nini? Atasema ni zuri mno, twashukuru. Afisa anaandika neno "zuri" katika karatasi, anaondoka ameridhika, na jiko linarudishwa pembeni kuhifadhia vitunguu. Kwa hiyo mtafiti mwenye akili hauulizi mdomo peke yake. Huja bila taarifa wakati wa chakula cha mchana. Hutazama kama kuna majivu mapya, kama mlango una masizi, kama jiko la zamani limetupwa ama liko karibu bado. Humwomba mama apike, naye akanyamaza. Hayo ni maarifa yanayodai unyenyekevu, na unyenyekevu haumo katika mitaala.

Wale wasiofanya hivyo tumewaona. India, kuanzia miaka ya 1980 hadi mwaka 2002, iliendesha mpango mkubwa wa kitaifa wa majiko yaliyoboreshwa, na majiko yaliyogawiwa yalifika kama milioni 35. Mengi yaliachwa. Mengine yalibomoka na hapakuwa na aliyeyatengeneza, mengine hayakulingana na mapishi ya mahali yalipopelekwa. Hesabu ya majiko yaliyogawiwa ilikuwa kubwa, na kwa muda mrefu hesabu hiyo ndiyo iliyosomwa katika mikutano. Jiko la Kenya halikugawiwa hivyo. Liliuzwa. Mafundi wa jua kali walifundishwa kulitengeneza, wakaliuza kwa faida, wakashindana, na bei ambayo mwanzoni ilikuwa kubwa ikashuka sana. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini Kenya. Mnunuzi anayetoa fedha yake haoni haya kulirudisha jiko bovu, wala hamwambii fundi kwamba ni zuri kwa sababu ya kumstahi.

Nisije nikaonekana kama niliyekuja kuimba sifa, na niseme kasoro zake. Ya kwanza ni ya soko lenyewe: bei iliposhuka, udongo nao ulishuka. Wafinyanzi wa haraka hawauchomi udongo ukaiva, na bakuli hupasuka kabla mwaka haujaisha. Mnunuzi sokoni hana njia ya kulijua hilo, kwa kuwa majiko yote yamepakwa rangi moja. Ya pili ni kwamba jiko la udongo huchelewa kushika moto. Udongo hula joto la kwanza kabla ya kulitoa. Anayechemsha chai alfajiri na kuwahi kazini hulalamika, na ana haki. Ya tatu ni kubwa kuliko hizo. Kuokoa mkaa siyo kuokoa mapafu. Mkaa hauna moshi mwingi wa kuonekana, na kwa hiyo watu hulala nao ndani wakati wa baridi, lakini hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo huua. Jiko lilijibu swali la gharama kwa ufundi mkubwa. Swali la pumzi halikuwa sehemu ya mazungumzo yale.

Na majina je? Mshairi ataniwia radhi nikikaa hapa kidogo. Katika miaka hiyo hiyo, mjini Nairobi, jiko jingine la mkaa lenye kuta mbili za chuma lilibuniwa kwa msaada wa UNICEF, likaitwa Umeme. Jina hilo ni la majivuno: laahidi kitu ambacho mkaa hauwezi kukitoa, tena lamkumbusha mnunuzi kile ambacho hana. Halikuenea kama hili lenye kiuno. Magharibi ya Kenya wanawake wafinyanzi walitengeneza jiko la kuni la udongo ambalo kwanza liliitwa Maendeleo, kisha likaitwa Upesi. Linganisha majina hayo mawili. La kwanza ni neno la ofisini. La pili ni neno la mpishi mwenye njaa nyumbani, na limesema kwa silabi tatu sababu ya kulinunua. Sijui uhakiki mzuri kuliko huo wa kubadili jina.

Haya si mambo ya kale. Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni la haki, na kasoro ya tatu niliyoitaja ndiyo sababu yake. Chombo kinachotangulizwa zaidi kwa mwananchi wa kawaida ni mtungi wa gesi wa kilo 6, wenye kichwa cha moto kilichofungwa juu ya mtungi wenyewe. Utazame mtungi huo kwa jicho la mhakiki. Ni mrefu kuliko jiko la mkaa na kitako chake ni chembamba. Sufuria inakaa juu kabisa, juu ya vyuma vyembamba. Kwa chai, kwa mayai, kwa wali wa watu watatu, ni chombo bora sana. Sasa mpe mama mwenye watoto sita asonge ugali juu yake.

Tumerudi pale pale ilipokuwa ndoo ya Thailand mwaka 1981, na safari hii chini ya sufuria si mkaa bali gesi. Wapishi wengi wamekwisha kujibu kwa vitendo: gesi kwa chai, mkaa kwa ugali na maharage. Wachambuzi fulani huita hali hiyo ukaidi wa mila. Mimi naiita taarifa ya majaribio iliyoandikwa na mtumiaji, ambayo haijasomwa. Bei nayo ina umbo lake. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo, lakini mtungi hudai fedha ya wiki kadhaa kwa mara moja. Ndiyo maana huko Dar es Salaam kumebuniwa mita ya gesi inayomwezesha mpishi kulipia kwa simu kidogo kidogo, kadiri anavyopika. Aliyebuni hilo alikuwa ameuchungulia mfuko wa mteja kabla ya kuichungulia jiko lake.

Mwalimu anayetaka kulifundisha jambo hili hahitaji maabara. Wanafunzi na wapewe kazi ya wiki moja, kila mmoja nyumbani kwao. Wapime kwa rula urefu kutoka sakafuni hadi kitako cha sufuria, na upana wa kitako cha jiko. Wahesabu ni mara ngapi mpishi analishika jiko au sufuria ili isitikisike, na kwa chakula gani. Waandike jiko lipi liliwashwa saa ngapi, na lipi lilikaa tu. Wasimuulize mpishi neno lolote hadi siku ya saba, na siku hiyo wamsomee walichoandika, wamwachie kalamu ya kusahihisha.