Kosa la Mchunaji Huonekana Kiwandani

Vijana wengi wanaoingia machinjioni kujifunza kuchuna hawapewi somo lolote. Huanza kwa kuteka maji, kuosha matumbo na kubeba ngozi hadi kwa mnunuzi. Siku ng'ombe wakiwa wengi na mafundi wamezidiwa, huachiwa kisu. Ndivyo uanagenzi ulivyo katika machinjio mengi madogo ya Tanzania na Kenya, nao umetoa mafundi wenye kasi ya kustaajabisha. Kasoro yake kubwa ni kwamba mwanafunzi hapati nafasi ya kuyaona makosa yake.

Kisu kikitoboa ngozi, tundu huonekana papo hapo. Lakini mara nyingi hakitoboi. Huchanja upande wa nyama na kuacha mfereji mwembamba uliojificha chini ya utando na mafuta. Ngozi hutiwa chumvi au huwambwa, hupakiwa, husafirishwa. Ni kiwandani, baada ya kulowekwa kwenye chokaa, kuondolewa manyoya na kukwanguliwa nyama, ndipo mchanjo hujitokeza. Ngozi iliyoonekana safi huteremshwa daraja, na mchanjo ukiwa mgongoni hasara ni kubwa zaidi, maana hapo ndipo penye ngozi nene na imara. Wakati huo aliyechanja bado anashika kisu vilevile, na hakuna aliyemwambia kitu.

Fundi anayejua kufundisha huziba pengo hilo asubuhi ileile. Ngozi ikishatoka, huitandaza sakafuni, upande wa nyama ukiwa juu, huisuuza, kisha huupitisha mkono wa mwanafunzi pole pole kuanzia shingoni hadi mkiani. Penye mchanjo vidole huzama. Hapo humwuliza: kisu ulikishikaje ulipofika hapa? Uliivuta ngozi ikakaza, au uliiacha ikalegea? Kwa maoni yangu, hili ndilo somo lenye thamani kuliko yote, na halihitaji darasa wala mashine.

Linalofuata ni mpangilio wa kazi. Kunoa huja kwanza, kwa kuwa kisu butu hudai nguvu, na mkono unaotumia nguvu hupotoka. Mwanafunzi lazima pia avijue visu viwili: chenye ncha kali cha kupasulia, na chenye makali yaliyopinda na ncha ya mviringo cha kuchunia. Kisha apewe mbuzi. Mbuzi aliyetundikwa akipasuliwa vizuri huchunwa karibu mwili mzima kwa ngumi, ngozi ikivutwa kwa mkono mmoja na ngumi ikisukuma kati yake na nyama wakati mzoga bado una joto. Akihamia kwa ng'ombe aanzie miguuni na kichwani. Mgongo uje mwisho.

Mstari wa kupasua nao una sababu zake. Hutoka kidevuni, hupita katikati ya kidari na tumbo hadi nyuma, na mistari ya miguu huungana nao. Ukienda upande, ngozi hutoka bila umbo, tumbo refu upande mmoja na fupi upande wa pili, na mnunuzi hukata kingo. Kisu huingizwa chini ya ngozi, makali yakitazama nje, ili kikate kutoka ndani. Kikikata kutoka nje, husukuma manyoya na kinyesi hadi kwenye nyama. Kwa sababu hiyohiyo, mkono unaoshika manyoya haugusi nyama, na kisu husafishwa kwa maji ya nyuzi 82 kabla ya mnyama mwingine.

Ugonjwa usiachwe hadi mwisho wa mafunzo. Katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007, uliofika Kenya na Tanzania, kugusa damu na viungo vya wanyama wagonjwa kulikuwa njia kuu ya maambukizi. Kijana ajue tangu siku ya kwanza kwamba mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani, hapasuliwi, maana huenda ni kimeta. Anaitwa daktari wa mifugo.

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 2013 humruhusu anayejifunza kuchinja afanye kazi kwa cheti cha muda, kisichozidi miezi 3, chini ya macho ya mwenye cheti kamili. Sheria hiyo inalinda ustawi wa mnyama, haihusu ngozi. Hata hivyo kanuni yake inafaa kuigwa: anayejifunza ana msimamizi anayejulikana, na muda wake una kikomo.

Kwetu kikwazo kikubwa ni malipo. Mchunaji mara nyingi hulipwa kwa idadi ya wanyama, awe amechanja au hajachanja, na fundi wake vivyo hivyo. Akisimama kutandaza ngozi na kumwonyesha kijana, anapoteza ujira. Mwenye machinjio anaweza kulitatua mwenyewe: mwanafunzi alipwe kwa siku, apangiwe wanyama wachache, na fundi apate nyongeza kwa kila ngozi ya mwanafunzi wake iliyopita daraja la kwanza. Fedha hiyo itoke kwenye bei ya ngozi, na mnunuzi akubali kulipa kwa daraja badala ya kununua zote kwa bei moja. Asipokubali, fundi hatakuwa na sababu ya kusimama.