Mregho, Fundo na Neno "Maandishi"

Imekuwa desturi, tunapojadili istilahi za elimu ya jadi, kulipa jina la "maandishi" kila fundo la kamba na kila mkato wa fimbo ya wazee wetu. Nia ni njema: kuwajibu wale waliodai kwamba Mwafrika hakuwa na kumbukumbu. Hata hivyo, istilahi haitungwi kwa nia njema pekee.

Tutazame kwanza kamba. Karl Weule, aliyezuru kusini mwa Tanzania mwaka 1906, alieleza kamba ya Wamakonde yenye mafundo 11. Msafiri alimwachia mkewe, naye akafungua fundo moja kila siku. La kumi lilimwambia apike, na la kumi na moja kwamba mumewe anafika. Hapa fundo ni siku, basi. Kipu ya Wainka wa Peru ilikwenda mbali zaidi: mahali pa fundo palitenga mamoja, makumi na mamia, hata aliyejua kanuni aliweza kusoma idadi ambayo hakuihesabu yeye.

Mregho wa Wachaga haukuwa hivyo wala vile. Ulikuwa fimbo iliyochongwa mikato na pete, ambayo mwalimu wa jando aliishika akipitia alama moja baada ya nyingine, na kila alama ikamkumbusha fundisho lake. Alama haikuyabeba maneno. Ilimwita mwenye kuyajua. Otto Raum aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya malezi ya watoto wa Kichaga.

Kosa la kuuita mregho "maandishi" si dogo. Maandishi hubaki mwandishi akifa. Tukiamini kwamba mregho ni maandishi, tutaridhika kuutia katika kabati la makumbusho, tukidhani tumehifadhi mafundisho, kumbe tumehifadhi mti. Mengi tuliyo nayo ya mafundisho yale yamo katika juzuu tatu za Bruno Gutmann, zilizochapishwa Ujerumani kati ya 1932 na 1938.

Kwa hiyo twapendekeza "kamba ya siku" kwa ile ya Wamakonde, "kipu" kwa ile ya Peru, na "mregho" ubaki mregho, ukifasiriwa kuwa fimbo ya kukumbushia mafundisho. Wazee wa Kilimanjaro hawapungukiwi heshima kwa hilo. Maktaba yao ilikuwa kifuani, na waliojaliwa kuwa nao hadi leo yafaa wasikilizwe mapema.