Nyuzi Themanini na Mbili

Mzee aliifunga thamostati kwa uzi, akaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, kisha akatumbukiza kipimajoto cha kioo pembeni yake. Akavuta kigoda, akakaa. Mimi nilikuwa na haraka, yeye hakuwa nayo. Tulikuwa kwenye gereji yake upande wa Gatsata, Kigali, na gari lililotusubiri lilikuwa Datsun 240Z ya mwaka 1972, boneti wazi, silinda zake sita zimepangwa mstari mmoja. Maji yalipofika nyuzi 78, kimya. Yalipogusa 82, kisahani cha shaba kikaanza kujiinua taratibu kutoka kwenye kiti chake.

"Umeiona, mwanangu? Hii ni nzima. Sasa tuanze kazi."

Fundi wa namna hiyo ndiye ninayetaka kumsifu leo. Tumezoea kumsifu fundi aliyelifanya gari liwake, au likimbie. Gari huwashwa kwa dakika chache. Kulijua joto lake, yaani kiwango ambacho injini inafanya kazi bila kuchemka wala kuzizima, ni kazi ya siku nyingi, na ndiyo inayotenganisha fundi na mshika spana.

Nilimpelekea gari lile baada ya kupita kwenye mikono mingine. Lilikuwa linachemsha kila nikipanda mlima, na dawa niliyopewa ni ile inayojulikana Afrika Mashariki nzima: ng'oa thamostati, tupa, acha maji yazunguke yapendavyo. Mshale ulishuka kweli, nami nikashukuru. Miezi miwili baadaye nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta ute mweupe kama maziwa ya mgando. Nikajua gasketi ya silinda hedi imekwisha. Mzee akauchukua ule ute kwa kidole, akausugua, akaunusa, akapima na maji ya rejeta kama yamepungua. Hayakuwa yamepungua. "Gari lako halijaungua," akaniambia. "Lina baridi."

Sikuwahi kufikiri kwamba injini inaweza kuugua baridi. Lakini ndivyo ilivyo. Petroli haiungui vizuri ikiwa matone, ni lazima igeuke mvuke. Kwenye silinda ya baridi sehemu yake hubaki majimaji, ikateremka ukutani na kuiosha oili inayolinda vyuma visisagane. Unyevu unaotokana na mwako nao huingia kwenye oili, na usipopata joto la kuufukuza, huzaa ute ule niliouogopa. Joto likizidi, mambo hugeuka upande wa pili: oili inakuwa nyepesi mno, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na hedi ya aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya bloku ya chuma iliyo chini yake, hujipinda na kuiumiza gasketi. Uhai wa injini umo katika ukanda mwembamba kati ya maradhi hayo mawili, na mlinzi wa ukanda huo ni kile kidude cha shaba chenye nta tumboni. Nta ikiyeyuka hutanuka, ikasukuma mlango wa maji ukafunguka. Ikipoa, mlango hujifunga. Hakuna waya, hakuna umeme.

Gari hili lina heshima yake katika ukanda wetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na gari la aina hiyohiyo, akiwa na Lofty Drews. Tunawakumbuka madereva, na tunafanya vyema. Ila kila nikilitazama gari langu huwafikiria pia walioyapima maji na oili za magari yale, tope likiziba rejeta na vumbi likijaza kila tundu. Ushindi wa maelfu ya kilomita hupatikana kwa injini isiyotoka kwenye joto lake.

Kigali, hata hivyo, ina hesabu yake. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama ya Mombasa. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta: kikibana shinikizo la bari 0.9, maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 115 hivi. Kifuniko kilicholegea, ambacho Mombasa kingekuvumilia kidogo, hapa kinakuaibisha mapema. Hewa nayo ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo feni inavuta upepo uleule lakini unabeba joto pungufu. Tena ramani inasema tuko karibu kabisa na ikweta, ilhali usiku wetu unadai sweta. Zamani waliotengeneza injini hizi walitoa thamostati za aina tatu: ya nyuzi 88 kwa nchi za baridi, ya 82 kwa nchi za wastani, na iliyo chini ya 80 kwa nchi za joto. Anayesoma ramani tu angetuchagulia ya joto. Mzee alichagua ya 82, kwa sababu yeye anaishi hapa.

Baada ya sufuria akaja kwenye rejeta. Aliiwasha injini, akaiacha ipate moto, akaizima, akapitisha kiganja juu ya rejeta kama mama anayepima homa ya mtoto. Juu moto, katikati moto, pembeni kushoto pa baridi. Akaushika mkono wangu akauweka hapohapo. Mirija ya upande ule ilikuwa imezibwa na chokaa ya maji yaliyotiwa ovyo kwa miaka. Huo ndio ulikuwa ugonjwa tangu mwanzo, na kuitupa thamostati kulikuwa kumeuficha tu.

Rejeta ikazibuliwa. Kisha akafungua plagi: nyeusi tititi, kwa sababu kwenye hewa nyepesi kabureta zilizorekebishwa kwa pwani humwaga petroli kupita kiasi. Akazikaza kabureta robo duru, tukaendesha, akafungua plagi tena. Robo nyingine, tukaendesha tena. Alirudia mpaka plagi zikawa na rangi ya chai ya maziwa. Akarekebisha na majira ya cheche, kwani cheche inayochelewa hupeleka moto mwingi kwenye hedi. Kila siku alibadilisha kitu kimoja tu, na kila alichobadilisha alikiandika kwa penseli kwenye daftari la shule.

Siku ya nne tulipanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini, jioni, foleni ikiwa imeshona. Mshale ulipanda kidogo, ukasimama. Kileleni akaniambia nigeuze nishuke. Hapo ndipo gari lisilo na thamostati hupoa kama chai iliyosahaulika, kwa kuwa mteremko hauidai injini nguvu yoyote. Mshale ulirudi mahali pake, ukatulia. Mzee hakutazama dashibodi hata mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Desemba 2024, hapahapa Kigali, Rwanda ilitangaza kuwania kuandaa mbio za Formula 1. Naiombea heri. Lakini nchi ya magari hujengwa pia na watu wa kigoda na sufuria, wanaokubali kupoteza nusu saa ili wajue jambo moja kwa hakika. Ujuzi huo uko mikononi mwa wazee wachache, na vijana wao wanavutwa na njia ya mkato.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku gari lako likichemsha na ukaambiwa thamostati itolewe, kataa. Omba sufuria ya maji, uzi na kipimajoto, kisha mtafute fundi atakayekaa nawe mpaka mlango ule mdogo ufunguke. Gari langu sasa linatembea kwenye nyuzi 82, na chini ya kifuniko cha oili pako safi.