Mbwa Mkweli

Ukitoka Mtoni kwa Azizi Ali kwenda Mtongani kwa njia za ndani, huwezi kukosa geti lenye maandishi ya rangi nyekundu: "Mbwa Mkali". Ndiyo sifa tunayomtakia mbwa katika mitaa hii ya Temeke. Anayetafuta mtoto wa mbwa huuliza kwanza kama mama yake anauma, na mwenye mbwa hujibu kwa fahari. Sina neno na mlinzi wa geti. Usiku wa Dar es Salaam una mambo yake. Ninayetaka kumsifu ni mbwa wa kazi nyingine, ambaye ukali haumfai kitu na mara nyingi humharibia. Ni mbwa wa harufu, afuataye njia ya kiumbe aliyekwisha kupita. Wanaomfuga na kumfundisha humpima kwa swali gumu kuliko la kuuma: je, ni mkweli?

Ugumu wa swali hilo unaanzia kwenye harufu yenyewe. Mtu akitembea hudondosha vipande vya ngozi vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vingine huangukia kwenye unyayo, vingine hupeperushwa vikanasa kwenye nyasi, ukutani au mferejini. Penye udongo, mguu huponda majani na kufukua unyevu, na hiyo nayo ni harufu. Alfajiri, umande ukiwa bado umelala kwenye majani kando ya mto Kizinga na hewa imetulia, habari hiyo hukaa chini. Wakati huo, kabla Barabara ya Kilwa haijafurika magari, utawaona mbwa koko wa Mtoni wakipita pua chini, kila mmoja na njia yake. Ikifika saa saba mchana lami inachoma, upepo wa bahari unavuma, na njia ileile imevunjika vipande vipande. Mbwa aliyeisoma vizuri asubuhi sasa anaona nusu yake tu. Atafanya nini na nusu asiyoiona? Atabuni, au atakiri?

Pua yake imeumbwa kwa kazi hiyo. Bloodhound, mbwa mwenye masikio marefu na ngozi ya makunyanzi, ambaye ukoo wake huhusishwa na watawa wa Mtakatifu Hubert katika milima ya Ardennes, hukadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu milioni 300; binadamu hukadiriwa kuwa na milioni 5 au 6. Mbwa akinusa huvuta hewa mara tano au sita kwa sekunde, na ile anayoitoa hupitia mipasuko ya pembeni mwa pua ili isiifukuze harufu iliyo mbele yake.

Wingi wa vipokezi, hata hivyo, haumfanyi mbwa kuwa fundi. Mwaka 1993 watafiti wa Norway walichapisha uchunguzi wa mbwa waliopelekwa kwenye njia ya mtu kutoka ubavuni, bila kuambiwa mtu huyo alielekea upande gani. Kazi ya mbwa iligawanyika sehemu tatu. Kwanza alitafuta, akienda haraka. Alipoipata njia, alipunguza mwendo, akanusa nyayo mbili hadi tano kwa muda wa sekunde tatu hadi tano. Kisha akageukia upande sahihi na kuondoka kwa kasi. Unyayo mmoja na unaofuata hupishana kwa sekunde moja hivi, na kwa kunusa nyayo chache mbwa anaweza kutambua zipi ni mpya zaidi. Mimi huvutiwa zaidi na zile sekunde chache za katikati. Mbwa asiye na subira angekwishachagua upande wowote ili mradi akimbie. Fundi hupunguza mwendo kwanza, akajihakikishia, ndipo akaongeza kasi.

Waliochunguza tabia hizi kwa undani kuliko wengi ni wafugaji wa Marekani wenye mbwa wa kuwinda rakuni. Rakuni ni mnyama wa huko, mdogo, mwenye barakoa nyeusi usoni, anayetembea usiku kandokando ya mito na ambaye akifukuzwa hupanda mti. Kutokana na tabia yake hiyo zimefugwa koo kadhaa za mbwa: Black and Tan, Redbone, Bluetick, Treeing Walker, Plott na mbwa wa madoa mekundu wenye asili ya Uingereza. Wengi wao wametokana na mbwa wa Kiingereza wa kufukuza mbweha. Bluetick ana pia damu ya Ufaransa, na mababu wa Plott waliletwa North Carolina kutoka Ujerumani karibu na mwaka 1750, wakatumika kwa nguruwe mwitu na dubu.

Kila ukoo una mtindo wake wa kufuata. Wapo wanaosifiwa kwa pua ya njia iliyopoa: harufu ya saa nyingi zilizopita, karibu imekwisha, ambayo mbwa mwingine angeipita bila kuigundua. Bluetick wa kale wana sifa hiyo. Huenda polepole, hufuata unyayo kwa unyayo, na njia ikipinda nao hupinda palepale. Wengine, kama Treeing Walker, hupenda njia yenye joto. Huinua kichwa, huacha mapindo, hukata mbele kwa upana na kuichukua harufu mahali palipo mbichi zaidi. Wa kwanza huchelewa lakini hapotezi. Wa pili hufika mapema, ila akikosea hukosea kwa umbali mrefu. Wafugaji wamebishana juu ya mitindo hii vizazi na vizazi, na wana haki ya kubishana, kwa kuwa ardhi ndiyo mwamuzi. Milima mikavu humtaka wa kwanza. Bonde lenye unyevu na wanyama wengi humpa nafasi wa pili.

Kisha ipo sauti. Mbwa hawa hufanya kazi gizani, mbali na mwenye mbwa, kwa hiyo kila wanachokijua sharti wakiseme kwa mdomo. Akiwa njiani, mwenye sauti nzuri hutoa mlio mrefu wa kuvuta. Akifika chini ya mti, mlio hubadilika ukawa mfupi, mzito, wa kukatakata, na hakomi mpaka watu wafike. Msikilizaji aliyezoea, akiwa amesimama kilomita moja kutoka hapo, anajua kama njia ni ya zamani au mpya, kama mnyama anakimbia au amekwisha kupanda. Katika mashindano ya usiku yanayoendeshwa chini ya United Kennel Club, mbwa hadi wanne huachiwa pamoja, na wenye mbwa hubaki wakisikiliza. Mtu akiitambua sauti ya mbwa wake akianza njia, hutangaza. Wa kwanza kutangazwa hupewa alama 100, wa pili 75, kisha 50 na 25. Wa kwanza kutangazwa mtini hupata 125. Taa zikimulika na mti ukaonekana mtupu, alama zile hukatwa.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha ufundi wote. Mbwa anayebweka bila njia hudharauliwa, hata awe na sauti ya kupendeza namna gani. Anayesimama kwenye mti mtupu, kwa sababu amejifunza kwamba kubweka mtini huleta pongezi, huhesabiwa kuwa hafai kuzalishwa. Mfugaji mwenye msimamo hutazama ukoo mzima: baba, mama, ndugu wa tumbo moja, na watoto waliokwisha kuzaliwa. Huuliza nani alibweka bila sababu, nani aliacha njia ili amfuate mwenzake mwenye kelele, nani aliipoteza njia akarudi mwenyewe mpaka mahali pa mwisho alipokuwa na uhakika. Kizazi hadi kizazi huchagua hivyo. Ukaidi unaomchosha mwenye mbwa nyumbani, ule wa mbwa anayeitwa asisikie kwa kuwa pua imeshika kitu, hapa ni hazina, maana ndio unaomfanya asiiache njia kwa ajili ya kukufurahisha wewe.

Mbwa wa aina hii walifika Afrika Mashariki zamani. Mwaka 1911 tajiri wa Marekani, Paul Rainey, aliwaleta mbwa wa kuwindia dubu kutoka Mississippi hadi nchi ambayo leo ni Kenya, pamoja na mkufunzi wao Er Shelley, kuwinda simba. Filamu ya safari hiyo ilioneshwa mwaka 1912 na kupata umaarufu mkubwa. Pua ile iliyosafirishwa kwa ajili ya kuua simba leo inalinda wanyama. Katika Mara Triangle upande wa Kenya, askari wa wanyamapori hufuata nyayo za majangili wakiwa na mbwa. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianzisha kikosi cha Bloodhound mwaka 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Mwaka uliofuata, kutoka kwenye mzoga wa tembo aliyekatwa pembe, mbwa hao waliongoza askari kilomita 7 hivi hadi karibu na mji wa wavuvi wa Ishango.

Kusini zaidi, mbwa wa rakuni wenyewe wamepata kazi. Tangu mwaka 2018 Southern African Wildlife College, jirani na hifadhi ya Kruger, imekuwa ikitumia makundi ya mbwa wa Kimarekani waliofunzwa Texas, wakiachiwa bila kamba na kufuatwa kwa helikopta kwa msaada wa vifaa vya kuonesha mahali walipo. Jangili anayekimbizwa na kundi hilo mara nyingi hupanda mti, na mbwa hufanya kile ambacho damu yao imefanya kwa karne mbili: husimama chini na kutangaza. Kwa takwimu za chuo hicho, bila mbwa hao majangili waliokamatwa walikuwa asilimia 3 hadi 5 tu. Pamoja nao walifika asilimia 68.

Kwetu Tanzania kazi hii iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2014 African Wildlife Foundation ilianzisha mpango wa mbwa wa uhifadhi, na mafunzo yake hufanyika Usa River, mkoani Arusha. Baadhi ya mbwa waliotoka huko wamefanya kazi ya kunusa pembe za ndovu katika Bandari ya Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka Mtoni, katikati ya makontena yanayopita mbele yetu kila siku. Mbwa wa bandari hafuati nyayo. Anatafuta harufu moja iliyofichwa ndani ya harufu elfu, kahawa, samaki wakavu, dizeli, na akiipata huketi kimya. Ila kipimo hakibadiliki: aketi palipo na kitu, na asiketi pasipo na kitu.

Na hapa mwongozaji naye huingia kwenye mizani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio la timu 18 za mbwa na waongozaji wao. Waongozaji waliambiwa kwamba karatasi nyekundu zinaonesha palipofichwa harufu. Ukweli ni kwamba hapakufichwa harufu yoyote. Hata hivyo taarifa za kwamba mbwa wamepata kitu zilitolewa zaidi ya mara 200, na nyingi zilitoka penye karatasi. Mbwa husoma mabega yetu, pumzi yetu, mkono unaokaza kamba. Mwongozaji anayetamani jibu fulani anaweza kumfundisha mbwa wake uongo bila kutamka neno. Kwa hiyo wakufunzi wazuri hujifunza kulegeza kamba, kutembea nyuma, na kukubali jibu ambalo hawakulitaka. Nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa lolote jingine. Si jambo dogo, mbele ya wakubwa na wenye mizigo wanaosubiri, kusema kwamba mbwa hajapata kitu na wewe unamwamini.

Elimu hii haikuanza na wageni. Kusini mwa Unguja wasasi wameendesha msako kwa mbwa wa kienyeji na nyavu tangu zamani. Kwao "msasi haogopi mwiba", wala mbwa wao haogopi kichaka. Kwa Waislamu walio wengi katika mitaa yetu, mbwa ana hukumu zake za unajisi, na zinastahili kuheshimiwa. Lakini aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida imewahalalishia windo la mnyama aliyefundishwa, na kwa hiyo imemtofautisha mnyama mwenye elimu na asiye nayo. Mbwa wa kienyeji hajaandikiwa kitabu cha ukoo. Hata hivyo amevumilia joto na magonjwa yanayowasumbua mbwa wa Ulaya, wale wanaohitaji uangalizi mkubwa katika mapori yenye ndorobo. Hatujampa nafasi ya kupimwa kwa pua, kwa sababu tumemuuliza meno tu.

Kipimo chenyewe hakigharimu. Anayechagua mtoto wa mbwa achukue samaki mmoja, kibua, amfunge kamba, amburute asubuhi na mapema kwenye udongo wenye unyevu, kisha apinde ghafla kwa pembe mraba na kumficha mbele zaidi. Awaachie watoto wa tumbo moja mmoja mmoja, asimame mbali, mikono nyuma, asiseme kitu. Wengi wataivuka kona kwa kasi. Hapo mmoja ataendelea kukimbia mbele kana kwamba bado ana njia. Mwingine atageuka kukutazama wewe, akitafuta jibu usoni mwako. Atakayepunguza mwendo, akazunguka, akarudi mwenyewe mpaka alipokuwa na hakika kwa mara ya mwisho na kuanza upya, mchukue huyo, hata kama ndiye mpole kuliko wote.