Anza na Rangi ya Farasi

Wengi wanaojiandaa kupigwa picha na farasi wao huanza kwa kufungua kabati la nguo. Waanzie bandani. Rangi ya farasi haina mbadala, nayo ndiyo itakayojaza sehemu kubwa ya picha, kwa hiyo nguo ndiyo inayopaswa kuifuata.

Picha inayonifurahisha kuliko zote katika jambo hili ni ya Malkia Elizabeth II, iliyotolewa Aprili 2022 alipokuwa akitimiza miaka 96. Mpiga picha Henry Dallal alimweka katikati ya farasi wawili wadogo, weupe, wa aina ya Fell, kila mkono umeshika hatamu, nyuma yao mti wa magnolia umechanua. Malkia huyu alizoeleka kwa makoti ya rangi kali, ili umati umwone hata kwa mbali. Hapa amevaa koti refu la kijani kilichokolea, basi. Angevaa rangi ya maziwa, angepotelea kwenye manyoya ya wanyama wale. Angevaa nyekundu, jicho lingemng'ang'ania yeye tu. Kijani kile kinamtenga nao bila kuwafunika. Huo ni ustadi, na naustahi sana.

Farasi mweusi ana masharti yake. Ngozi yake humeza mwanga, na ukisimama ubavuni mwake na shati jeusi, mkono wako hautajulikana ulipoishia. Mpe rangi ya mchanga au buluu iliyopauka. Wa kahawia mwenye singa nyeusi hupatana vizuri mno na buluu ya usiku na kijani cha msituni. Nguo za maua madogo madogo ziache nyumbani. Kanga naipenda kwa moyo wote, lakini katika picha hii itakusaliti: ina maandishi, na Mswahili akiona kanga lazima ayasome kabla hajamtazama farasi.

Sisemi pambo ni kosa. Katika ardha, yaani maonyesho ya farasi na ngamia ya Oman, mila iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika urithi wa utamaduni usioshikika, farasi naye huvishwa. Fedha humning'inia kichwani na kifuani, na mpandaji amevaa kanzu, kilemba na jambia lenye ala ya fedha kiunoni. Wawili wamepambwa kwa madini yaleyale, hakuna anayemzidi mwenzake. Ukitaka kung'aa, ng'aeni pamoja. Hata kwetu wenye vya kawaida, mkanda wa ngozi unaofanana na ngozi ya lijamu unatosha kuwaunganisha.

Kisha kuna maoni ya farasi mwenyewe. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua yake. Shela ndefu inayopeperuka ghafla kutoka mahali asipopaona humshtua. Bangili zinazogongana humfanya azungushe masikio, na masikio yaliyolala nyuma huharibu picha nzuri. Nguo nzito kidogo, inayoanguka kwa utulivu, ndiyo inayofaa. Miguuni vaa buti, hata kama gauni linadai viatu vya wazi: mnyama wa kilo 500 akikukanyaga kidole, hakuna tena cha kupiga picha. Na begani jiandae kwa ute wa kijani, maana farasi aliyetoka kula majani hujifuta pua kwa mtu anayempenda.

Mpiga picha anayeijua kazi hii atakuuliza rangi ya farasi kabla hajakuuliza saizi ya gauni lako. Ukimpata wa namna hiyo, msikilize. Na siku moja kabla, vaa nguo uliyoichagua uende nayo bandani, umwache farasi ainuse na kuizoea. Akiikataa, badilisha nguo.