K Moja Haitoshi

Boksi la Scrabble la Kiingereza lina E 12, A 9 na K moja tu. Hebu jaribu kuishi na K moja kwa Kiswahili. Bila kigae kitupu huwezi kuandika kaka wala kuku, na kikokotoo ndicho hata usikitaje. Huku Q na X zinakukodolea macho jioni nzima bila kazi, na C inangoja H ambayo huenda isije. Boksi halina kosa. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930, alikaa na magazeti ya Kiingereza akahesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi. Alipima lugha yake, na akaipima vizuri.

Anayetaka kucheza kwa Kiswahili naye na apime yake. Chukua ukurasa mmoja wa gazeti la Taifa Leo na penseli, uhesabu aya mbili tatu. A itaziacha herufi zote nyuma, ifuatiwe na I, kisha utaona jinsi U, N, K na W zinavyosukumana. Kisha ukate kadi: manila na makasi zinapatikana Text Book Centre pale Sarit, Nairobi. Katika kadi 100 sisi tunaoucheza mchezo huu hukata A 20. CH tunaiandika kwenye kadi moja, maana C haijawahi kusimama peke yake katika neno la Kiswahili, na Q na X hatuzikati kabisa. Kuhusu ng'ombe na kile kibanzi chake hewani, tumekubaliana kwamba N na G zinatosha, ingawa yuko mwalimu mmoja kati yetu ambaye hadi leo anakunja uso.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Kadi zote zinafunikwa mezani, na kila mtu kwa zamu anafunua moja. Hakuna anayeshika kadi mkononi. Kilichofunuliwa ni cha wote. Anayeliona neno la herufi nne au zaidi kabla ya wenzake analitaja kwa sauti, anazoa kadi na kulipanga mbele yake. Lakini bado si lake. Mwingine akiongeza herufi iliyofunuliwa, akalivuruga likawa neno jingine, amelipora. Kadi zikiisha, kila mtu anahesabu zilizo mbele yake.

Kwenye nyumba za ghorofa za Rhapta Road tunakochezea, Ijumaa usiku, muziki wa baa za Westlands unapenya madirishani na watu wazima wanapigiana kelele juu ya herufi nne: A, I, L, M. Mmoja kasema lima. Hizo hizo ni mali, ni mila, ni lami, ni imla ile iliyotutoa jasho shule ya msingi. Maneno matano, na hakuna hata moja linaloweza kupora jingine, kwa sababu sheria inataka uongeze kitu. Basi watu wanangoja. Ikifunuliwa K, mtu anapiga meza: mkali! Ikija I nyingine, mkali anageuka kamili, na mwenye shamba la kwanza amebaki mikono mitupu.

Utamu wote, kwa maoni yangu, umo katika sheria moja: mzizi lazima ubadilike. Kiswahili ni karimu mno. Ukiruhusu viambishi, lima inaporwa na kulima, au nimelima, au tutalimiana, na meza inageuka kuwa kipindi cha sarufi cha saa nane mchana. Anayeongeza ku- mbele ya neno hajaona chochote, amebandika tu. Ndiyo maana kata haiporwi kwa katia wala kwa katwa. Inaporwa kwa M, na aliyeiona M hiyo akasema tamka.

Itazame vizuri tamka. Watu wa lugha hii hawakuanza leo kuvuruga maneno. Waswahili wa Pwani walikuwa na kinyume, wakiitoa silabi ya mwisho na kuiweka mbele ili wasioalikwa wasielewe. Mmisionari Edward Steere aliweka mifano yake katika kitabu cha sarufi alichokitoa mwaka 1870. Vijana wa Nairobi nao, katika Sheng yao, waliigeuza stori ikawa risto. (Kwetu risto haipiti. Mwamuzi ni Kamusi Kuu ya BAKITA, na haina huruma.) Ila kinyume na Sheng hugeuza silabi nzima nzima. Kadi zinashuka chini zaidi, na hapo ndipo sisi tuliofunzwa ba be bi bo bu tunapokwama. Macho yanaona TA, yanaona KA, yanatosheka. M iliyojipenyeza katikati yao haionekani.

Kuna mama mmoja wa Mombasa anayetushinda karibu kila tukikutana, na anapoulizwa siri yake hasemi mengi. "Mwanangu, we tazama mkia kwanza." Ana haki. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, kwa hiyo yeye huchagua irabu ya mwisho, huitenga kwa macho, kisha hurudi nyuma akitafuta kinachoweza kuibeba. Vijana wanaanzia mbele, kwenye M na W, na wanapofika katikati yeye keshazoa.

Nairobi iliandaa mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza mwaka 2017. Miaka miwili kabla yake, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Naijeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa taji hilo, na wachezaji wa kwao walisifika kwa kupenda maneno mafupi pale wengine wanapohangaikia marefu. Mezani kwetu neno fupi ni mtego kwa mwenye nalo, maana ndilo rahisi kuporwa. Ukilisubiri refu, mwingine atalitaja fupi kabla yako. Kujua ni lini uteme na lini umeze mate ndiyo kazi yote.

Juzi tamka ilitoka kwa mwalimu ikamwendea yule mama, aliyeongeza B na A akapata mkataba. Kadi iliyofuata ilikuwa I. Mwalimu akaruka: mikataba! Ikazuka zogo la nusu saa: je, wingi ni neno jipya? Tukapiga kura. Wingi haupori, mzizi ni ule ule. Mama wa Mombasa akatushukuru kwa hekima yetu, akaivuta ile I, akaipachika kwenye mkataba wake, na kuuliza kama kuna sheria inayomkataza mtu kujipora.